Kahawa ya Siagi Badala ya Mahamri: Mwongozo Kamili wa Kuijaribu bila Kuuumiza Mwili

Ami yangu wa Kibokoni, hapa Mombasa, alikuwa amekaa barazani kwake, saa tano kasoro asubuhi, jasho linamtiririka kana kwamba ametoka kupakua magunia. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nikamuuliza, "Ami, umekula?" Akanijibu kwa sauti ya mbali, "Nimekunywa ile kahawa yako, mwanangu. Si ulisema inatosha mpaka adhuhuri?"

Tukampima sukari. Kipimo kilisoma 3.2 mmol/L, yaani imeshuka mno. Ami ana kisukari na humeza glibenklamidi kila asubuhi. Siku hiyo aliimeza kama kawaida, kisha badala ya mahamri mawili na mbaazi akanywa kikombe cha kahawa chenye siagi. Dawa ikashusha sukari kama ilivyotengenezwa kufanya, na tumboni hapakuwa na wanga wa kuizuia isishuke mno. Nilimkorogea vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, akanywa, tukangoja dakika 15, tukapima tena. Alhamdulillahi, ilipanda.

Mimi ndiye niliyemsifia kahawa ile. Tangu siku hiyo, anayeniuliza habari zake simpi jibu la kupita njia. Nampa yote haya, kwa mpangilio wa kufuata, na yale ya mwanzo ndiyo watu huyaruka.

Kinywaji chenyewe

Ni kahawa nyeusi iliyopigwa kwa blenda pamoja na siagi, na mara nyingi mafuta ya nazi au mafuta yaitwayo MCT, mpaka inatoka na povu na rangi kama chai ya maziwa. Aliyeieneza duniani ni Mmarekani Dave Asprey. Yeye anaeleza kwamba wazo alilipata Tibet mwaka 2004 alipopewa chai ya siagi ya yaki, na mwaka 2009 akaweka kwenye intaneti namna yake ya kuipika kwa kahawa. Kutia siagi ndani ya kahawa si jambo geni hata huku kwetu Afrika: Ethiopia, kahawa ilikotoka, zipo jamii zinazoinywa hivyo tangu zama za mababu.

Ila tuangalie mahali. Mji wa Lhasa uko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Kule baridi inapenya mifupa, na mchungaji hutembea mlimani kutwa. Sisi bahari tunaikanyaga. Mwezi wa tatu, saa mbili za asubuhi, shati limeshagandana na mgongo, na wengi wetu tunashinda kitini ofisini au dukani. Mwili wa baridi na mteremko una pa kuyapeleka mafuta mengi. Mwili wa joto na kiti hauna. Ndiyo maana vipimo nitakavyokupa ni vidogo kuliko vile vya Marekani.

Hatua ya kwanza: hesabu unachokiacha na unachokichukua

Staftahi ya Mombasa husingiziwa mengi. Kweli, hamri ni unga mweupe, sukari na tui, likaangwa kwenye mafuta. Lakini aghalabu haliliwi peke yake. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizochemshwa, kabla ya kutiwa tui, kina karibu gramu 11 za protini na gramu 11 za nyuzinyuzi. Hicho ni chakula cha haja. Kahawa ya siagi haina nyuzinyuzi, na protini yake ni kama hakuna. Ukibadilisha kimoja kwa kingine, umeondoa wanga na sukari, sawa, lakini umeondoa na mbaazi.

Sasa ulichokichukua. Kipimo kinachotajwa sana ni vijiko vikubwa viwili vya siagi na kimoja cha mafuta ya nazi au MCT. Kijiko kikubwa cha siagi kina kalori kama 100 na gramu 7 za mafuta yaliyoshiba, ile aina ya mafuta inayopandisha kolesteroli. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina kalori kama 120, na gramu 11 au 12 za mafuta hayo hayo. Jumlisha: kalori 320 na gramu 25 hivi za mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Yaani kikombe kimoja kimemaliza kikomo cha siku nzima na kukipita, na bado hujafika kwenye samaki wa kupaka wa mchana.

Kwa hivyo hiki ni chakula. Nasisitiza kwa sababu nasikia watu wakisema, "Mimi nafunga mpaka saa saba," ilhali asubuhi wamekunywa kalori 300. Kama lengo lako ni kupumzisha tumbo na kuacha mwili ule akiba yake, maji na kahawa tupu ndiyo yanayofaa. Mwili ukipewa mafuta kwenye kikombe, huchoma hayo kwanza. Ya kiunoni yanabaki pale pale yakingoja zamu. Anayepungua kwa kahawa hii hupungua kwa sababu moja: imemshibisha hata mchana akala kidogo. Akila mchana kama kawaida, ameongeza tu.

Hatua ya pili: wanaopaswa kuiacha

Wa kwanza ni mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi. Dawa hizo hushusha sukari bila kuuliza kama umekula. Asibadilishe staftahi mpaka daktari wake ampangie upya dozi. Na anayetumia dapagliflozini au empagliflozini awe mwangalifu zaidi, maana akipunguza sana wanga huku anameza dawa hizo, damu yake inaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama kipimo cha sukari kinasoma vizuri. Hilo ni jambo la kulazwa hospitali.

Wa pili ni mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mafuta yakifika kwenye utumbo, mfuko huo hujikamua kutoa nyongo, na jiwe likikaa mlangoni, maumivu ya chini ya mbavu za kulia hayasimuliki. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia kikali naye kahawa na mafuta vyote viwili vitamchochea.

Aliyekwisha ambiwa kwamba kolesteroli yake iko juu, au ambaye kwao watu hupatwa na shtuko la moyo wakiwa vijana, aiache. Mama mjamzito kafeini yake isizidi miligramu 200 kwa siku, na mtoto tumboni anahitaji protini na madini ambayo kikombe hiki hakina. Watoto wasipewe.

Nao wanaofanya kazi za nguvu: vijana wa mikokoteni pale Marikiti, wapakuzi, mafundi wa juani. Misuli inayovuta mzigo wa nguvu hutaka wanga. Kijana wa mkokoteni akiniuliza, namwambia ale mbaazi zake kwa amani.

Anayemeza dawa ya tezi, levothairoksini, aimeze kwa maji matupu na angoje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kahawa ya aina yoyote, kwa kuwa kahawa huizuia isiingie mwilini sawasawa.

Hatua ya tatu: pima damu kabla ya kuanza

Nenda maabara asubuhi hujala kitu kwa saa 12, maji tu. Omba kipimo kamili cha mafuta kwenye damu, yaani kolesteroli yote, LDL (ile kolesteroli mbaya), HDL (ile nzuri) na trigliseridi (mafuta yanayozunguka kwenye damu), pamoja na sukari ya kufunga. Pima na presha. Ziandike namba hizo mahali ambapo hutazipoteza. Bila namba za mwanzo, wiki sita baadaye hutakuwa na la kulinganisha, na utabaki na "najisikia vizuri". Kolesteroli haiumi. Inaweza kupanda maradufu na usihisi chochote.

Hatua ya nne: viungo, na hapa ndipo penye siri

Nianze na kahawa yenyewe, kwa maana hapa ndipo sisi watu wa pwani tuna tatizo ambalo miongozo ya kigeni hailitaji.

Kahawa chungu ya dele, ile inayokaa juu ya makaa na tangawizi ikachemka mpaka ikaiva vizuri, haichujwi kwa karatasi. Unga hutuama chini na kahawa humiminwa juu yake. Ni tamu kwa roho, nami naipenda tangu utotoni. Lakini kahawa ya kuchemshwa hubaki na mafuta yake ya asili yenye vitu viwili, kafestoli na kaweoli, na kafestoli hupandisha LDL. Mwaka 1983 watafiti wa mji wa Tromsø, Norwei, waliona wanywaji wa kahawa wakiwa na kolesteroli ya juu, na kule watu walikuwa wakiichemsha kama sisi. Baadaye watafiti wa Uholanzi wakabainisha kwamba kafestoli ndiyo inayofanya hivyo. Karatasi ya kuchujia huinasa karibu yote, na kahawa ya unga wa kuyeyuka nayo ina kidogo mno.

Finjani moja ndogo barazani si jambo la kukuogopesha. Lakini kuchukua robo lita ya kahawa ya kuchemshwa kila asubuhi, kisha uiongezee siagi, ni kuipandisha LDL kwa njia mbili ndani ya kikombe kimoja. Kwa hivyo nunua karatasi za kuchujia, hupatikana supamaketi, na ile koni ya plastiki ya kuzishikilia. Buni ya Kenya kwa sehemu kubwa ni arabika kutoka nyanda za juu, na arabika ina kama nusu ya kafeini ya robusta. Ukipata iliyokaangwa wastani, nzuri. Iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi tititi, ikichanganywa na siagi, hutoa ladha ya masizi.

Siagi iwe siagi kweli. Wengi wetu tumezoea kuita siagi kila kinachopakwa kwenye mkate, na kingi cha hicho ni majarini. Soma pakiti: iandikwe siagi ya maziwa. Isiyo na chumvi inamfaa mwenye presha. Weka kwenye friji. Kwa joto letu, siagi iliyoachwa mezani siku mbili huanza kuvunda, na ndani ya kahawa ya moto harufu hiyo hufumuka.

Samli nayo hufaa, hasa kwa tumbo lisilopatana na maziwa, kwani samli safi imeondolewa karibu maziwa yote. Hakikisha ni samli ya ng'ombe. Mafuta meupe ya mboga yaliyogandishwa kiwandani ambayo baadhi yetu huyatumia kwa biriani kwa jina hilo hilo la samli usiyatie kikombeni kabisa. Kuna tofauti ambayo utaiona kwa macho: siagi ina protini na lesithini ya maziwa, na hizo ndizo zinazoshikanisha mafuta na maji, kwa hivyo povu lake hudumu. Samli haina. Ukiipiga na ukaiacha dakika tano, vitone vya manjano hupanda juu na kuungana, kimoja kwa kimoja, mpaka uso wa kikombe unafanana na mchuzi. Ukitumia samli, inywe mara tu ukiipiga.

Mafuta ya nazi sisi tumejaliwa. Ukijua mtu anayeyakamua nyumbani kwa kukuna na kukamua tui, nunua kwake. Yakiwa ya majimaji chupani usidhani yamechanganywa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Mombasa siku za namna hiyo ni chache.

Usiambiwe, hata hivyo, kwamba mafuta ya nazi ni MCT. MCT ya chupani ni mafuta ya minyororo mifupi kidogo, asidi ya kapriliki na ya kapriki, yaliyotengwa kiwandani. Kwenye mafuta ya nazi, hizo mbili kwa pamoja ni kama asilimia 15 au pungufu. Karibu nusu nzima ni asidi ya lauriki, ambayo mwilini nyingi yake hupita njia ya mafuta ya kawaida. MCT ni ghali, na kwa maoni yangu mtu anayeanza haihitaji.

Ladha: iliki mbili zilizopondwa au kipande cha tangawizi, vitiwe kwenye unga wa kahawa kabla ya kumimina maji. Sukari usitie. Mafuta na sukari pamoja ni mchanganyiko unaonenepesha kwa urahisi.

Hatua ya tano: kupika

Pima gramu 15 za unga wa kahawa, vijiko vikubwa viwili na zaidi kidogo, kwa mililita 250 za maji. Chemsha maji, yaache nusu dakika yatulie. Lowesha karatasi kwa maji moto kwanza ili kuondoa ladha ya karatasi, tia unga, mimina maji kidogo ulowane, ngoja nusu dakika, kisha mimina yaliyobaki taratibu kwa mzunguko. Yote yachukue kama dakika tatu.

Huku nyuma suuza jagi la blenda kwa maji moto. Jagi baridi huipooza kahawa, na siagi hugoma kuchanganyika. Tia kahawa, tia mafuta. Jagi lisizidi nusu. Kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko kiondoe, funika tundu kwa kitambaa kilichokunjwa, shika kwa kiganja, uanze kwa mwendo wa chini kabisa. Ukiziba kabisa, mvuke hupanuka na kifuniko hurushwa na kahawa ya moto ikakumwagikia kifuani. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Ikiwa sawa, rangi hubadilika mbele ya macho yako kutoka nyeusi hadi ya mbao hafifu, na povu jembamba linashika ukingo wa kikombe.

Stima ikikatika, fanya wanavyofanya wapoza chai: majagi mawili, mimina kutoka juu kwenda chini, rudisha, mara kumi na tano au ishirini. Povu halitakuwa jingi, lakini mafuta yatasambaa kiasi cha kunyweka.

Blenda ioshe papo hapo kwa maji moto na sabuni. Mafuta yakikauka kwenye visu vya chini, kesho kahawa itanuka.

Hatua ya sita: panda ngazi polepole

Siku tatu za kwanza, kijiko kimoja cha chai cha siagi, basi. Hii si kwa ajili ya ladha. Utumbo uliozoea mahamri haujajiandaa kwa mafuta ya kimiminika kwenye tumbo tupu, na kahawa yenyewe huamsha utumbo mpana. Ukianza kwa vijiko vikubwa, hasa vya MCT, ndani ya saa moja tumbo litasokota na utaendesha. Anza siku ambayo uko nyumbani. Usianze siku ya kuvuka feri ya Likoni. Foleni ile haina msalani, na nimemwona mtu akitaabika hapo mpaka nikamhurumia.

Siku ya nne hadi ya saba, vijiko viwili vya chai vya siagi. Wiki ya pili, kama tumbo limetulia, kijiko kikubwa kimoja cha siagi na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi. Hapo una kalori kama 140 na gramu 11 hivi za mafuta yaliyoshiba, nusu ya kikomo cha siku. Usipite hapo. Anayetaka MCT aweke kijiko cha chai mahali pa ile nazi, na aanze kwa nusu yake.

Kabla ya kikombe, kunywa glasi nzima ya maji. Kwa jua letu hili ni lazima.

Kinachotokea mwilini

Ukiamka, mwili wako tayari uko kwenye hali ya kuchoma mafuta. Umelala saa nane bila chakula, insulini iko chini, ini linaachia glukosi kidogo kidogo kutoka akiba yake, na misuli inatumia mafuta. Ungekula mahamri na chai ya sukari, glukosi ingepanda, kongosho lingetoa insulini, na uchomaji wa mafuta ungepungua. Siagi haiamshi insulini kwa kiasi cha kutajika. Hilo ndilo jambo la kweli katika sifa zote za kahawa hii.

Dakika za mwanzo ni za kafeini. Inafika ubongoni na kukalia viti vya adenosini, ile kemikali inayokuletea uchovu, kwa hivyo uchovu unakosa pa kukaa. Kilele chake huwa kati ya nusu saa na saa moja, na mafuta yanaweza kukichelewesha kidogo. Ndiyo sababu wengine huhisi kahawa hii inaingia kwa upole. Kikombe hiki kina miligramu 100 hadi 150 hivi za kafeini. Kwa mtu mzima mwenye afya, 400 kwa siku ndiyo kikomo kilichokubaliwa Ulaya mwaka 2015. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Anayekunywa hii alfajiri na akaongeza finjani tatu barazani baada ya Isha, asiulize kwa nini usingizi umemruka.

Mafuta yakitoka tumboni na kugusa utumbo mwembamba, homoni iitwayo kolesistokinini inatolewa. Inaliambia tumbo lipunguze mwendo, mfuko wa nyongo ujikamue, na ubongo upokee habari ya shibe. Ndiyo maana saa tatu zinapita bila kuwaza chakula. Lakini si kwa wote. Protini hushibisha kwa nguvu kuliko mafuta, na kuna watu, mke wangu mmoja wao, ambao saa nne kamili wana njaa ya kukasirika.

Kisha njia zinagawanyika. Mafuta ya siagi hufungwa kwenye vifurushi vidogo na kupita mishipa ya limfu kabla ya kuingia kwenye damu. Trigliseridi hupanda na kufika kilele baada ya saa tatu hadi tano. MCT huchukua njia ya mkato, moja kwa moja hadi kwenye ini, na ini hugeuza sehemu yake kuwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya glukosi. Ketoni si uzushi: tangu mwaka 1921 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walipendekeza lishe ya kuzizalisha ili kutuliza kifafa. Ila lishe ile ni ya kutwa nzima na wanga kidogo sana. Kikombe kimoja cha asubuhi kikifuatwa na wali wa nazi mchana kinakupa ketoni chache za saa mbili tatu, na kwenye siagi tupu hata hizo ni haba.

Wanaounganisha kahawa hii na kupunguza wanga kutwa nzima wajue jambo la chumvi. Wanga wa akiba hukaa na maji, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, na akiba ikiisha maji hutoka. Insulini ikishuka, figo nazo humwaga sodiamu. Mizani itakufurahisha wiki ya kwanza, lakini yaliyotoka zaidi ni maji. Kwenye joto la Mombasa mtu huyo ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu akisimama, na moyo utakwenda mbio. Supu ya samaki yenye chumvi ya kiasi huwa dawa yake, isipokuwa mwenye presha, ambaye aulize kwanza.

Mlo wa kwanza baada ya kikombe

Watu wengi hupoteza faida yote hapa. Damu ikiwa imejaa asidi za mafuta, misuli hupokea glukosi kwa uzito. Philip Randle wa Uingereza na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1963. Kafeini nayo inachangia. Mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kilionyesha kwamba kahawa nyeusi kali baada ya usiku wa usingizi mbovu, kabla ya kinywaji chenye sukari, hupandisha glukosi kwa karibu nusu zaidi. Kwa hivyo ukivunja asubuhi yako ya siagi kwa kaimati na sharubati, sukari itapanda kuliko ambavyo ingepanda ungekula kawaida.

Saa nne au saa tano kula protini na nyuzinyuzi. Mayai mawili na mchicha. Au bakuli la mbaazi bila mahamri, ndiyo chaguo langu mimi. Au samaki aliyebaki jana na kachumbari. Kahawa iwe imeshapita kama saa moja, kwani huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na mboga yasiingie mwilini, na wanawake wengi tayari wana upungufu wake.

Ramadhani, usiitegemee daku. Daku ni mlo wa kukubeba mpaka Magharibi, na kikombe hiki hakina protini wala nyuzinyuzi za kukubeba, na kafeini itakunyima ule usingizi mfupi wa baada ya Alfajiri.

Wiki ya sita: rudi maabara

Pima vile vile ulivyopima mwanzo, saa 12 bila chakula, na asubuhi hiyo usinywe kahawa ya mafuta, kwani trigliseridi zitasoma za uongo. Ipo miili ambayo LDL husogea kidogo tu, na ipo ambayo hupaa. Huwezi kujua wako ni upi kwa kujitazama kwenye kioo, na wembamba haukingi. LDL ikifika 4.9 mmol/L au zaidi, acha kabisa na umwone daktari wiki hiyo hiyo. Ikiwa imepanda lakini haijafika huko, punguza siagi hadi kijiko cha chai, hakikisha karatasi ya kuchujia haikosekani, upime tena baada ya wiki nane.

Mimi nilianza na LDL ya 3.0. Nilikuwa nikinywa vijiko vikubwa viwili vya siagi kwenye kahawa ya kuchemshwa, na baada ya wiki sita ilisoma 4.1. Nilihamia kwenye karatasi, nikashuka hadi kijiko kimoja cha chai cha siagi, na miezi miwili baadaye ikarudi 3.3. Hapo nimebaki, siku tatu au nne kwa wiki. Jumamosi na Jumapili nakula mahamri na mbaazi pamoja na wanangu. Na Ami, daktari wake alipombadilishia dawa, nilimuuliza kama anataka tujaribu tena kidogo kidogo. Alitikisa kichwa, akavuta sahani ya mbaazi karibu, akaniambia nimpimie sukari kwanza.